Maneno ya Ndani ya Kaburi

Kizwite, Sumbawanga
20 Juni 1994

Mdogo wangu Gaudensi,

Masunga tumempoteza Jumamosi tarehe 11 Juni. Usianze kulia, hakufa. Amefukuzwa kijijini, yeye na mkewe Shija, watoto, mama yake mzee na ng'ombe wote. Kilichomfukuza ni kitabu chako.

Najua utasema dada ameanza kuvurugwa na vumbi la mashine ya kusaga. Soma kwanza.

Wiki moja kabla ya hapo mwenyekiti Adolfu aliitisha mkutano wa kijiji juu ya mashamba yaliyoliwa na mifugo. Yaliliwa kweli, sibishi. Ekari kumi na moja. Nilizipita kwa miguu yangu siku nilipokwenda kununua mahindi. Lakini kwato zilitoka upande wa barabara ya Kasesya, na Masunga anakaa upande wa pili kabisa, kule alikozikwa mume wangu. Kila mtu alijua kwamba ni kundi la wapita njia. Adolfu mwenyewe alijua. Mkutano ulikuwa unaelekea kuisha kwa kelele tu, kama siku zote, ndipo akaingiza mkono kwenye koti akatoa kitabu.

Kile kitabu ulichowaandikia wanafunzi wa chuo wa mwaka wa kwanza juu ya makabila ya ukanda wetu wote, kutoka misitu ya Kongo mpaka kwenye maziwa. Uliniletea Krismasi ukasema, "Dada, na sisi Wafipa tumo, tena kwa Kiswahili." Nakala nyingine ukampa Adolfu kwa mkono wako mwenyewe, baada ya kunywa bia zake. Akafungua ukurasa wa sitini na tatu, akausoma kwa sauti ya kusomea Injili:

"Katika nyanda za Ufipa uhasama kati ya wakulima na wafugaji wahamiaji haufichwi. Mfugaji mmoja aliwatamkia wenyeji hadharani: Mwenzenu nimemmaliza mimi. Leo ng'ombe wangu wanakula nyasi zake, kesho watakula mahindi yenu, na mwakani watalala juu ya makaburi yenu."

Halafu mmoja akauliza, "Huyo si Masunga?"

Adolfu akasema, "Mimi jina sijataja. Mtoto wetu msomi ndiye aliyesikia."

Gaudensi, wewe ulikuwepo. Ilikuwa siku tuliyomzika Tadei, mume wangu, shemeji yako. Wasukuma na Wanyamwezi ni watani wetu wa msibani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba majembe na chumvi, na siku ile Masunga, Msukuma, alifanya kazi ya mtani. Aliruka ndani ya kaburi na fimbo yake, akalala chali, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo, na humo ndani ndimo alimosemea maneno hayo. Mimi mjane, ambaye tangu juzi yake sikuwa nimetia kitu mdomoni, nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe ulicheka kalamu ikakudondoka.

Wamempa wiki moja, imekwisha. Wameteremka genge la Lyamba mpaka bondeni Rukwa, kwenye mbung'o. Mwezi wa nane kikao cha kata kitaamua: ama arudi kwenye ardhi aliyopewa na kijiji, ama asikanyage tena. Niambie utafanya nini.

Dada yako,
Coleta


Dar es Salaam
4 Julai 1994

Dada Coleta, shikamoo.

Barua yako imenifikia nikaisoma nimesimama, mlangoni pa posta. Pole sana. Ukimwona Shija mpe pole zangu.

Naomba nikueleze kwa utulivu, maana jambo hili lina upande wake wa kitaalamu. Kazi ya kusoma jamii za watu haina uganga ndani yake. Unakwenda, unakaa na watu, unakula wanachokula, unasikiliza, unaandika kilichosemwa, nani alikisema na wapi. Ukitoka hapo unaiweka jamii moja kando ya nyingine: Wafipa kando ya Walungu, Walungu kando ya Wabemba, wavuvi wa ziwa letu kando ya watu wa misituni Kongo. Lengo ni kijana aliyetoka sekondari aone kwamba binadamu wamejenga nyumba zao kwa njia nyingi, na hakuna nyumba isiyo na mantiki yake. Hicho ndicho nilichotaka, na sioni haya kukisema. Lakini kurasa mia na arobaini haziwezi kubeba kila msiba.

Jina sikuandika. Niliandika "mfugaji mmoja". Maneno yenyewe yalisemwa, sikuongeza hata moja. Adolfu amekitumia kitabu vibaya, na mwandishi akishachapisha hana tena mamlaka juu ya msomaji.

Isitoshe, wako wataalamu wanaosema kwamba utani nao una ukweli ndani yake. Kwamba watu husema kwa mzaha kile wasichothubutu kusema kwa uwazi. Sisemi kwamba Masunga alimaanisha. Nasema suala ni pana kuliko linavyoonekana kutoka Kizwite.

Huku kazi ni nyingi. Mkataba wangu hapa chuoni unaangaliwa mwezi wa nane, na wanaoutaka ni wengi. Herieth anaendeleaje na masomo? Mwambie mjomba anamsalimia.

Mdogo wako,
Gaudensi


Kizwite
15 Julai 1994

Gaudensi,

Sikukuuliza kazi ya kusoma jamii ni nini. Lakini kwa kuwa umenifundisha, acha nikusahihishie daftari.

Kilichosemwa, umeandika. Haya, alama moja. Nani alisema: "mfugaji mmoja". Kijijini kwetu wenye zizi la ng'ombe wa kutosha kuitwa wafugaji ni wangapi? Ni huyo mmoja. Hesabu hiyo haihitaji chuo. Na wapi? Umeandika "hadharani". Mdogo wangu, ndani ya kaburi la Tadei ndiyo hadharani?

Utani una ukweli ndani yake, ndivyo wanavyosema wataalamu wako. Vizuri. Basi tuchukue na msiba wa mama. Yule mtani wetu Maganga alisimama mbele ya padri akasema wewe si mtoto wa mzee, uliokotwa kwenye gunia la dagaa kule Kasanga ndiyo maana una kichwa kirefu. Na hayo tuyatie kwenye ukurasa wa sitini na nne?

Unasema kutoka Kizwite naona padogo. Mimi nilianza na ungo mmoja wa dagaa kichwani. Nilijua bei ya Kasanga, bei ya Sumbawanga na bei ya Mbala kabla sijajua kusaini jina. Serikali ilipoachia mahindi watu wakaambiwa kila mtu auze anapotaka, wanaume walikaa wakibishana kama ni kweli, mimi nikapanda juu ya magunia nikaenda Kasesya mpakani. Sasa nina mashine. Najua kitu kinapokuwa pungufu, na kitabu chako ni pungufu.

Mwaka aliokufa Tadei wako waliongoja nishindwe kulima waombe shamba. Masunga alileta jozi mbili za maksai na plau alfajiri, hakuulizwa na mtu. Tangu hapo mimi natoa pumba za mashine, yeye analima. Hatujaandikiana popote. Tukikutana sokoni ananipigia kelele, "Mke wangu wa urithi! Lini unahamia?" na Shija yuko pale pale, anajibu, "Mchukue, mama, na kikohozi chake, mimi nimechoka kuamshwa." Soko zima linacheka. Huyo ndiye aliyesema hadharani kwamba amekuja kutumaliza.

Nakuuliza swali moja, na usinijibu kwa sura ya pili wala ya tatu. Siku ile kaburini ulipookota kalamu yako, uliandika kwamba watu walicheka, au hukuandika?

Coleta


Bondeni Rukwa
17 Julai 1994

Mama Herieth,

Salaam. Nakuandikia kwa mkono wangu, kwa hiyo usome taratibu, shule yangu ilikuwa porini nyuma ya ndama.

Tumefika. Kuteremka Lyamba kumetutesa. Ng'ombe watatu waliteleza kwenye mawe, mmoja ni yule maksai mwekundu aliyekuwa analima kwako mstari wa kushoto. Mama hawezi kutembea, tulimbeba kwenye kitanda. Hapa majani yapo lakini mbung'o wapo pia, na wenyeji wa hapa wanatuuliza kwa nini tumefukuzwa tulikotoka. Ukisema "kwa utani" hawaelewi. Nimeacha kuwaeleza.

Si kwa sababu hiyo ninaandika. Ninaandika kwa sababu Shija anasema nina kitu rohoni, kinanifanya niwapige ng'ombe bila kosa.

Siku ya mkutano, aliposoma, mimi sikumtazama Adolfu. Nilikutazama wewe. Umekaa mbele, kwenye kigoda, umevaa kitenge cha bluu. Nilidhani utacheka. Sikutaka uhutubie wala ugombane na mwenyekiti wa watu. Ungecheka tu. Wewe ndiye mwenye msiba ule. Mwenye msiba akicheka, kila aliyekuwepo angekumbuka kaburi na jogoo na mimi nilivyochafuka udongo, na maneno yangerudi yalikotoka. Ulishika kanga mdomoni ukatazama chini.

Sikulaumu. Mwenye mashine anahitaji wenye mahindi. Ningekuwa wewe labda ningetazama chini mimi pia. Lakini nataka ujue kwamba nilikutazama.

Utaona sikukuita lile jina la siku zote. Si hasira. Sijui tu litasomwa wapi.

Pumba za mwezi huu usituwekee, wape wengine.

Masunga


Dar es Salaam
26 Julai 1994

Dada Coleta, shikamoo.

Umeniuliza swali moja. Ndiyo, niliandika. Niliandika siku ile ile: "Kicheko kikubwa, mjane naye." Nilipokuwa natayarisha kitabu nikayaondoa. Hakuna mkubwa wangu aliyeniagiza. Niliyakata mimi.

Nimejaribu kukuandikia sababu yenye heshima, nimechana karatasi kadhaa. Sababu ni hii. Sura ya wafugaji ilikuwa tupu. Masunga alinialika kwake kila nilipokuja likizo. "Njoo unywe maziwa, msomi, ulale, usikie wazee wanavyoimba." Nikamwambia kesho, kila mara kesho, maana kwake kunanuka samadi na nilikuwa na viatu vipya. Sikuwahi kulala pale hata siku moja. Juu ya watu wa misituni Kongo, ambao sijawahi kuwaona kwa macho, niliandika kurasa ishirini kutoka kwenye vitabu vya wengine. Juu ya jirani wa dada yangu nilikuwa na maneno ya kaburini tu. Kitabu cha namna hii kinatakiwa kiwe na sehemu ya migogoro. Mikoa mingine nilikuwa na mifano, kwetu sina. Nikayatazama maneno yale nikaona kwamba ukiondoa kicheko yanatosha kabisa.

Na kila mwaka nasimama mbele ya vijana nawaambia: usiandike juu ya watu ambao hujala nao.

Tangu barua yako ya kwanza usingizi haukai. Nakumbuka Masunga alipotolewa kaburini alikuja kunipa mkono wenye udongo, akasema, "Shemeji wa marehemu, andika vizuri, wajukuu wasome." Nilimwitikia.

Nimefanya ninaloweza. Humu nimeambatanisha barua ya masahihisho, nimeisaini na kuigonga muhuri, inasema kwamba nukuu ile ilitolewa nje ya muktadha wake wa kimila. Isomwe kwenye kikao. Toleo la pili likitoka nitarekebisha. Kuja mwenyewe sitaweza. Wanaoangalia mikataba wanakutana katikati ya Agosti, na nikisimama mbele ya kata nzima kusema kwamba niliharibu ushahidi wangu mwenyewe, habari itafika huku kabla yangu. Dada, nina miaka saba hapa. Ningeomba unielewe.

Jambo moja nalo naomba uniambie, wala si kwa kukukomoa. Umenisimulia mkutano wote: kitabu kilitoka mfuko gani, Adolfu alisema nini, aliyeuliza aliuliza nini. Wewe ulikuwepo. Watu walipomgeukia Masunga, ulisema nini?

Mdogo wako,
Gaudensi


Kizwite
3 Agosti 1994

Gaudensi,

Sikusema kitu.

Nilikuwa na magunia mia mbili na kumi kijijini, yamelala kwenye nyumba za watu, tumekubaliana kwa mdomo, na lori linakuja Jumatatu. Nimekaa pale kwenye kigoda nikapiga hesabu, kama ninavyopiga siku zote, haraka. Nikimtetea Masunga, Adolfu atawaambia watu mahindi yasitoke. Lori likirudi tupu namlipa mwenye lori. Nikimwacha Masunga ajitetee mwenyewe, yeye ni mwanaume, ana mdomo, yatakwisha. Hesabu ilikaa sawa. Kicheko kilikuja, nakuapia kilifika hapa kooni, maana Adolfu alivyoisoma ile "mwakani watalala" nilimwona Masunga na udongo kwenye masikio. Nikakizuia kwa kanga.

Magunia yalitoka yote. Halikupungua hata moja. Yamekwenda Zambia, yameshaliwa.

Kwa hiyo usidhani nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya mti. Wewe uliondoa kicheko kwenye karatasi, mimi nilikiondoa kwenye mkutano. Tumegawana kazi kama watoto wa tumbo moja. Masunga ameniandikia. Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Nimeanza kumjibu, nikifika kwenye jina lake naweka kalamu chini, naenda kugombana na watu mashineni. Juzi nilimfukuza mama wa watu na debe lake, eti ameleta mahindi mabichi. Yalikuwa makavu.

Sasa sikiliza, maana muda si mwingi.

Kikao cha kata ni Ijumaa tarehe 19 Agosti, kwenye uwanja wa shule, watu wote wa kijiji wamealikwa. Mimi nitasimama. Nitasema nilicheka kaburini na nikanyamaza mkutanoni, na nitasema kwa sababu ya mahindi. Nimeshamwambia Herieth, ili asije akasikia kwa watu. Pengine mwakani hakuna atakayeniuzia hata kilo. Hilo ni langu, nitalibeba.

Lakini mimi peke yangu sitoshi. Adolfu ameshaanza kusema, "Coleta anamlilia mwenye plau wake." Na akisema hivyo, watu watacheka kicheko kile kingine, kile kibaya. Shahidi asiye na plau ni wewe. Wewe ndiye uliyesikia kwa sikio, ndiye uliyeandika, ndiye uliyekata.

Barua yako yenye muhuri nimeisoma. Ni nzuri, ina maneno marefu. Nimeirudisha humu ndani ya bahasha. Karatasi ndiyo iliyomteremsha Masunga Lyamba; nikipeleka karatasi nyingine watasema nimeinunua mjini, na Adolfu naye ana muhuri. Utani ukiharibika hutengenezwa mbele ya wale wale waliousikia, na aliyeuharibu awepo, watu wamwone uso. Hilo hukulisoma chuoni? Wewe ni Mfipa, hukuhitaji kulisoma. Unalijua toka unanyonya.

Umeniomba nikuelewe juu ya mkataba. Nakuelewa kabisa. Nilielewa mkutanoni namna mtu anavyoelewa mambo kama hayo, na tazama nilichofanya. Ndiyo maana sikuombi uelewe kitu. Mama yake Masunga amelala chini ya turubai. Shija anachota maji mtoni ambako hata mbwa wa kule hawanywi. Wakifungiwa mlango tarehe 19, hawana pa kurudi; Usukumani waliondoka kwa sababu ardhi imekwisha.

Barua hii anakuletea Abeli, dereva wa basi la Mbeya. Ameahidi kuikabidhi kwa mtu wa treni anayemwamini, ikufikie mkononi Jumatatu. Jumatano tarehe 10 Agosti, saa nne asubuhi, nitakuwa posta ya Sumbawanga nimekaa kwenye benchi mbele ya simu. Nimeshazungumza na yule dada wa simu, anajua nangoja Dar. Nitakaa mpaka saa sita. Usinipigie kuniuliza hali, wala kunisomea sehemu ya barua nyingine. Ukipanda treni siku ile ile unafika na siku za kupumzika zinabaki.

Saa sita ikipita simu haijalia, nitakwenda kwenye kikao kile na kuwaambia watu kwamba mdogo wangu aliandika "kicheko kikubwa" kisha akakikata, akijua. Nitalisema jina lako lote. Sitasema "msomi mmoja".

Nijibu kwa neno moja, Jumatano, kabla ya saa sita mchana: unakuja kusimama, au huji?

Dada yako,
Coleta